Jino la Nyangumi la Mama Losalini

Sajini Sereima Nabuka wa kituo cha polisi cha Levuka, mji mdogo wa visiwa vya Fiji, alikwisha kuwahoji wezi wa mihogo, walevi wa sikukuu, na mchungaji mmoja aliyeuza kengele ya kanisa lake. Lakini asubuhi ile, barazani kwa nyumba ya wageni ya Mama Losalini, alitambua kwamba hajawahi kukutana na mashahidi wagumu kama watalii wa mabegi ya mgongoni. Mlevi walau hujua ni siku gani.

"Jana jioni ulikuwa wapi?" alimuuliza Bi Odile, mama wa Kifaransa mwenye mvi, aliyejilaza kwenye bembea ya wavu.

"Hapa."

"Na kabla ya hapo?"

Bi Odile alifikiri kwa dhati. "Hapa hapa. Ila nilikuwa nimegeukia upande ule."

"Na juzi?"

"Juzi nilitembea mpaka ukuta wa bahari. Nikaona ni mbali, nikarudi."

Ukuta wa bahari ulikuwa ng'ambo ya barabara. Sereima aliweza kuuona kati ya vidole vya miguu vya Bi Odile.

"Usiku ulisikia chochote? Mtu akitembea, mlango?"

"Sikusikia kitu, mpenzi. Nimelala kama mtoto mchanga."

Sereima alishukuru, akaingia ndani. Mama Losalini alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akiutazama msumari mtupu ukutani kana kwamba msumari ndio mwizi.

Jino la nyangumi lililokuwa likining'inia pale halikuwa pambo. Lilitoka kwa babu yake Losalini, likang'arishwa kwa mafuta ya nazi na mikono ya watu watatu waliokwisha kufa, na mchana ule lilitakiwa kupanda lori kwenda Lovoni, huko milimani. Peni, mwanawe wa pekee, alikuwa anakwenda kuchumbiwa binti wa watu. Mikeka ilikuwa imekunjwa, magimbi yamefungwa, pipa la mafuta ya taa limesimama mlangoni. Jino lenyewe ndilo halikuwepo, na bila jino baba wa msichana angewapa maji ya kunywa na kuwaonyesha njia ya kurudia.

"Wameniaibisha," Losalini alisema. "Nimewalaza, nimewapikia, nimewafulia hadi soksi. Kila anayeingia mlango huu namwambia, jisikie nyumbani, vilivyomo humu ni vyenu. Ndiyo shukrani hii?"

"Mara ya mwisho uliliona wapi, mama?"

"Pale. Msumarini. Litakuwa wapi tena?"

Sereima aliupima msumari kwa macho. Ulikuwa juu, karibu na dari, juu ya picha ya marehemu mume wa Losalini. Alinyoosha mkono, hakuufikia. "Ukitaka kulishusha wewe hufanyaje?"

"Napanda kigoda."

Kigoda kilikuwa jikoni, na juu yake beseni la nguo zilizolowekwa tangu jana mchana; maji yalikwisha kuota ngozi ya sabuni. Hakuna aliyekigusa. Sereima alirudi sebuleni akiwa na hakika ya kwanza ya siku ile: aliyelichukua jino alikuwa mrefu sana.

"Una wageni wangapi?"

"Watatu. Huyo mama wa kwenye bembea. Callum wa New Zealand, anaogelea. Na yule Mholanzi, Bram, anayeinama kwenye kila mlango. Huyo ameondoka sasa hivi, anawahi meli ya Suva."

"Anabeba begi?"

"Kubwa kama jeneza."

Gari la kituo lilikuwa gereji kama kawaida yake, kwa hiyo Sereima alikwenda kwa miguu, haraka, akipita mbele ya maduka ya mbao ya barabara ya pwani. Kila mlango ulimpa salamu na kila salamu ilibeba swali, maana habari ya jino ilikwisha kumtangulia. Harufu ya kiwanda cha samaki ilimlaki kabla hajafika gatini.

Bram hakuwa mtu wa kujificha. Alisimama kichwa na mabega juu ya abiria wote, akila ndizi.

"Bula, Sajini," alisema kwa furaha. "Na wewe unasafiri?"

"Fungua begi, kaka."

Alilifungua bila wasiwasi. Zikatoka fulana, kamba, sufuria ndogo, kiatu kimoja. Chini kabisa, ndani ya taulo, Sereima akashika kitu kizito, kigumu, kilichopinda kama mwezi mchanga, kina urefu wa mkono hadi kiwiko. Abiria walinyamaza. Mama mmoja aliyeketi juu ya gunia la magimbi alivua kofia.

Sereima akakunjua taulo polepole, kwa heshima. Ilikuwa soseji.

"Ni ya mama yangu," Bram alisema. "Ameikausha mwenyewe. Nimepita nayo nchi nne."

Sereima aliinusa, akajuta. "Uwanja wa ndege hawakukuuliza kama una chakula?"

"Waliniuliza. Lakini mimi siichukulii kama chakula. Ni kumbukumbu."

"Kumbukumbu ina vitunguu saumu."

"Mama anapenda vitunguu saumu."

Mkaguzi wa mazao aliitwa kutoka kibandani kwake. Akaipokea soseji kwa koleo, akaondoka nayo mkono ukiwa umenyooshwa mbele, na Bram akaisindikiza kwa macho mpaka mlango ukafungwa. Sereima alimhurumia, lakini kazi ni kazi.

"Jana usiku hukusikia chochote pale nyumbani?"

"Hapana, Sajini. Na hilo ndilo jambo la ajabu." Bram alivuta pua. "Nimekaa pale wiki nzima, na jana ndiyo mara ya kwanza nimelala mpaka jua likanipiga usoni. Nimeamka nikadhani nimekufa."

Meli ilipiga honi. Bram akajipenyeza na begi lake lililopungua uzito, na Sereima akabaki gatini na watu waliokuwa wakimtazama. Mama wa magimbi alikwisha kuirudisha kofia kichwani, na alionekana kama anadai aombwe radhi.

Njiani kurudi Sereima alitembea taratibu zaidi. Alikuwa amemvizia mtu kwa sababu ya urefu wake, na hilo halikumpendeza. Nyumba ile ilikuwa na simu tatu juu ya meza, kamera, saa ya Bi Odile kwenye dirisha la bafu. Mwizi asiyetaka kitu kingine ila jino la nyangumi alikuwa na kazi nalo. Na kazi ya jino la nyangumi, katika nchi hii, ni moja tu: kumwomba mtu jambo kubwa.

Alimkuta Losalini akipakua mchuzi. "Kaa ule, mwanangu. Njaa haitalirudisha."

Ulikuwa mchuzi wa kuku, na tui, na majani ya magimbi. Sereima alitia pande la nyama kinywani, akatafuna. Akaendelea kutafuna. Alibadilisha upande. Nyama ile ilikuwa na msimamo.

"Kuku huyu umemnunua wapi, mama?"

"Sijanunua. Nimeukuta mchuzi kwenye mlango wa nyuma asubuhi, sufuria na mfuniko wake. Nadhani ni mke wa mchungaji, kasikia msiba wangu wa jino. Si mpishi mzuri, masikini. Nimekula ubavu mzima kwa adabu tu."

"Mke wa mchungaji amesikia lini? Wewe umegundua jino halipo wakati gani?"

"Baada ya chai."

"Na mchuzi ulikuja?"

Losalini alisimama na upawa mkononi. "Kabla ya chai," alisema.

Sereima alitoa pande la nyama mdomoni, akaliweka ukingoni mwa sahani, akaligeuzageuza kwa kijiko kama daktari. Hakuwa kuku wa kufugwa kwa ajili ya sufuria. Alikuwa mzee, mwenye mapaja ya mkimbiaji. Kisha Sereima akasikiliza. Walisikika watoto wa shule kwa mbali, na bahari, na Bi Odile akigeuka kwenye bembea. Hakikusikika kingine chochote.

"Mama," alisema, "Meneja yuko wapi?"

Meneja alikuwa jogoo wa jirani, Mzee Anare. Mji mzima ulimjua. Mwaka ule Losalini alipofungua nyumba ya wageni, alikata tawi kubwa la mshelisheli wa Anare lililoingia kwake, ili baraza ipate nafasi. Mti ukaoza, ukafa. Anare hakusema neno. Siku chache baadaye alileta jogoo mwekundu, akamjengea banda chini ya madirisha ya wageni, akampa jina la Meneja, kwa kuwa, alisema, yeye ndiye angeamua watu waamke lini kwenye nyumba ile. Tangu hapo jirani na jirani hawakusalimiana, na Meneja alifanya kazi yake bila likizo.

Losalini aliitazama sufuria. Akaushika mdomo.

"Usiniambie."

"Niitie Callum," Sereima alisema.

Callum alikuja akidondosha maji, taulo shingoni, kijana mnene mwenye uso wa kuungua na tabasamu la mtu asiyedaiwa na dunia. Alikuwa amekuja Levuka kukaa siku tatu tu, akabaki. Sasa alikuwa na kikombe chake, msumari wake wa kutundikia kofia, na nafasi yake kwenye kwaya.

"Callum, ndugu yangu," Sereima alianza, "umelala vipi?"

"Vizuri sana. Si kimya kizuri?" Alimgeukia Losalini akiwa na fahari kama mtoto aliyefagia uwanja bila kutumwa. "Nilitaka iwe zawadi, Mama. Nimelimaliza suala la jogoo."

"Umelimalizaje?" Sereima aliuliza.

"Kwa kufuata mila. Peni aliniambia tukinywa kava. Nilimuuliza, mtu akitaka jambo kubwa kwa mzee, anafanyaje? Akasema anampelekea jino la nyangumi, mzee hawezi kukataa. Nikauliza, hata jambo la jogoo? Akacheka sana, akasema hata jogoo. Basi jana alasiri nikaliona hapa mezani, likiwa limepakwa mafuta—"

"Mezani?" Sereima alisema.

Losalini alianza kukunja kona ya kitambaa cha meza. "Nililishusha kulipaka mafuta," alisema kwa sauti ndogo. "Kisha nikaloweka nguo. Kisha shemeji yangu Sikeli akaja na habari za lori."

Sereima alimfikiria Bram, na soseji ya mama yake, na gati lote lililosimama kimya. Akavuta pumzi. "Endelea."

"Nikajifunga sulu safi kiunoni, nikaenda kwa mzee, nikapiga magoti. Nikasema, sisi wa nyumba ile tunakuja kwako kwa unyenyekevu. Alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na machozi, Sajini. Nikasema tunaomba jogoo anyamaze." Callum alisita. "Nilidhani atamhamishia nyuma ya nyumba."

"Na jino? Ulidhani litarudije?"

"Baada ya sherehe hawalirudishi? Kama kikombe cha mpira?"

Losalini aliketi juu ya pipa la mafuta ya taa. Kwa muda alionekana kama anatafuta kitu cha kurusha. "Liliwekwa kwa ajili ya mke wa mwanangu," alisema. "Amekwenda kununulia kuku."

"Lakini ulisema vilivyomo humu ni vyetu," Callum alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kuelewa.

Sheria ilikuwa nyepesi, na haikumsaidia Sereima hata kidogo. Kitu kilichukuliwa bila ruhusa, aliyekichukua amekiri, kilipo panajulikana. Angeweza kuvuka ua, akakidai, akakirudisha, na lori likaondoka kwa wakati. Lakini jino lililopokelewa kwa mikono miwili halinyang'anywi na askari. Na palikuwa na neno moja lililomkera kuliko mengine. Callum alisema, sisi wa nyumba ile, yaani ameomba kwa jina la Losalini pia.

Alitafuta fungu la mizizi ya kava, ile inayopondwa na kunywewa kwa heshima, akalifunga gazetini, akamshika Callum mkono. "Twende. Wewe ndiye uliyeanza. Mama, tusubiri."

Mzee Anare aliketi mkekani katika shati jeupe lililopigwa pasi. Jino lilikuwa mbele yake, juu ya kipande cha kitambaa, na kamba yake ya nyuzi za nazi imekunjwa vizuri kando. Zamani alikuwa msemaji wa ukoo, mtu wa kusimama mbele ya machifu na kuwaombea wengine. Sasa machifu walikuwa na simu.

"Binti yangu Sereima," alisema. "Na mjumbe wetu. Karibuni."

Sereima aliweka kava mkekani, akasema maneno ya heshima, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa. Anare aliitikia.

"Mchuzi ulifika?"

"Ulifika, mjomba."

"Alikula?"

Sereima alilisogeza fungu la kava karibu naye.

"Nilimchinja kwa mkono wangu," Anare alisema. "Alikuwa rafiki, yule ndege. Lakini nilijiambia, kama Losalini amepata moyo wa kuniletea kitu cha babu yake, mimi nitamnyima jogoo? Miaka yote hii nilikuwa nangoja aseme neno moja tu kuhusu mti. Akaleta hili." Aligusa jino kwa kidole kimoja. "Sikulala, kwa furaha. Au kwa ukimya, nilikuwa nimemzoea."

Callum alikuwa amekuwa mwekundu kuliko jua lilivyomfanya. "Mzee," alisema, "kuna jambo lazima nikuambie. Ukweli ni kwamba Mama Losalini haku—"

"Nilikula," ilisema sauti nyuma ya ua. "Ubavu mzima."

Majani yalitikisika. Losalini akatokeza pale palipokuwa na pengo, majani yamenasa nyweleni, akaja mpaka ukingo wa mkeka, akaketi chini kwa uzito. Sereima hakujua amekuwa pale tangu lini, ila alijua kwamba alikuwa amesikia ya kutosha.

"Alikuwa mtamu," Losalini alisema.

"Alikuwa mgumu," Anare alisema.

"Alikuwa mgumu kidogo."

Walitazamana. Anare aligusa tena jino. "Ni wewe uliyemtuma kijana?"

"Ni mimi."

"Mama, kwa kweli—" Callum alianza.

"Nyamaza, Callum."

"Jino kubwa namna hii," Anare alisema polepole, "kwa ajili ya jogoo?"

"Si kwa ajili ya jogoo. Kwa ajili ya mshelisheli. Kifiji chake ndicho kibovu huyu. Nimemwambia mti, yeye kasema kuku." Losalini alitazama mikono yake. "Nilikuwa nimekosea, Anare. Ningekuomba kwanza. Nilikuwa na haraka ya baraza."

Mzee alimgeukia Sereima, na macho yake hayakuwa ya mtu wa kudanganywa kirahisi. Alikuwa amesikiliza maneno ya watu maisha yake yote. "Sajini. Wewe umekuja kwa kazi. Ni hivyo?"

Sereima alikuwa ametembea nusu ya siku kutafuta ukweli, na sasa ulikuwa mikononi mwake, na hakuna mtu mkekani pale aliyeuhitaji.

"Mwenye kitu amesema alikitoa mwenyewe," alisema. "Kwa hiyo hakijaibiwa. Mimi hapa sina kazi, mjomba. Nimekuja kunywa kava."

Anare alitikisa kichwa mara kadhaa, akimtazama Callum, kisha Losalini, kisha majani nyweleni mwake. Kama alijua, alikitia alichojua mahali pake na kukifunga.

"Leo mnakwenda Lovoni," alisema. "Mmebeba nini?"

"Mikeka. Magimbi. Mafuta ya taa."

"Na jino?"

"Jino letu limekwisha kupata mwenyewe," Losalini alisema, na sauti haikutikisika. "Tutakwenda hivyo hivyo. Tutaomba."

"Nani atasema?"

"Sikeli, shemeji yangu."

"Sikeli?" Kitu kilipita usoni mwa mzee, karibu kiwe maumivu. "Kwenye harusi ya dada yake, Sikeli alimpa bwana harusi pole."

"Hatuna mwingine."

"Mnaye mwingine. Hamjamwomba."

Losalini alinyoosha mgongo. Akakunja viganja, akapiga makofi matatu mazito, na kumwomba, kwa maneno kamili, bila kuruka hata moja. Callum, ambaye hakuelewa hata nusu, alipiga makofi pia, peke yake, alipoona wengine wamemaliza.

"Nimesikia," Anare alisema. Alilichukua jino, akaizungusha kamba yake mkononi. "Hili ni langu sasa. Nalipeleka ninapotaka, na leo nataka Lovoni. Mtu anioneshe hilo lori."

Lori lilikuwa barabarani, injini ikinguruma, ndugu na mikeka nyuma. Sikeli alikuwa kiti cha mbele akirudia hotuba yake kwa midomo. Alipomwona anayekuja, alishuka haraka sana, kama mtu aliyefutiwa kesi. Losalini alipanda nyuma na wengine. Callum aliwekwa juu ya magimbi na kuagizwa na Sereima asifungue mdomo mpaka safari iishe.

Anare aliketi mbele, jino mapajani. Lori lilipotaka kuondoka aligonga mlango kwa kiganja.

"Ngojeni. Naye bwana harusi ni yupi?"

Peni aliruka kutoka nyuma, akaja dirishani na shati lake la maua lililobana. Mzee alimtazama muda mrefu. Walikuwa wamelala siku zote kila mmoja upande wake wa ua ule ule.

"Ni wewe huyu," alisema. "Umekuwa mtu mzima."

"Ndiyo, mjomba."

"Wewe unafanya kazi?"

"Kiwandani, mjomba. Kwenye barafu."

"Unakunywa?"

"Kava tu." Peni alikuna shingo. "Na bia, sikukuu."

"Na huyo msichana anakutaka? Si mama zenu tu?"

"Ananitaka, mjomba. Sijui kwa nini."

"Jibu zuri." Anare alimwekea mkono begani kupitia dirisha. "Sasa nisikilize. Nikianza kukusifu kule Lovoni, kaa umeinamisha kichwa. Usigeuke nyuma kutafuta ninayemsema."